Kizimba cha Nzau

Musyoka alinipigia simu akaniomba niandike kitu kitamu. "Mama Mumo, andikia vijana mambo ya kazi yako. Ulikotoka, ulivyoanza, changamoto kidogo. Tutaweka kwa grupu ya gereji." Nikamwambia sawa. Musyoka ndiye mwenye gereji siku hizi, na ni mtu anayependa vitu vitamu, hasa vikiwa vya bure. Sasa nimekaa kwangu Katangi, karatasi iko mbele yangu, na utamu wenyewe siuoni. Niko na hasira. Basi nitaandika nayo hivyo hivyo, na nyinyi mtasoma hivyo hivyo.

Vijana wapya ambao hamkunikuta: mimi ni Syombua, na katika gereji yenu pale Machakos nilikuwa fundi wa kumalizia. Gari la mashindano likiletwa kuundwa upya, mtu wa injini anachukua injini, mtu wa bodi anachukua bodi, na kila kipuri kilichoshika kutu, mafuta, au rangi ya fundi mwingine aliyelewa, kinaletwa kwangu. Mimi nakisafisha, nakikagua, nakipa sura. Vyeo sitaviandika. Gereji yetu ilikuwa na vyeo viwili tu, anayepiga kelele na anayepigiwa, na nimekaa katika vyote viwili.

Siku ya kwanza nilifika nikiwa nimevaa viatu vya kanisani, kwa sababu shangazi aliniambia nimepatiwa kazi ya ofisi. Hakukuwa na ofisi. Kulikuwa na Mzee Kilonzo, baba yake Musyoka, amechuchumaa juu ya debe akisugua bomba la ekzosi. Aliniangalia viatu, akaniangalia uso, akasema, "Mwana wa Katangi, vua hivyo viatu, utavizika hapa." Akanipa boneti, karatasi ya msasa na ndoo ya maji. Wanaume wa pale walicheka. Mmoja aliuliza kama chai itachelewa sasa kwa vile mpishi amepewa msasa. Nilisugua hiyo boneti mpaka vidole vikachubuka. Jioni Mzee alikuja, akafunga macho, akapitisha kiganja juu yake polepole, akasema, "Hapa. Na hapa. Kesho rudia." Hakusema pole. Nilikwenda nyumbani nikimtukana njia nzima, na kesho yake nikarudi.

Mzee Kilonzo hakunifundisha rangi kwa muda mrefu sana. Alinifundisha kuosha. Mnanielewa? Kuosha! Nyinyi mnafikiri kazi inaanza mkishika bunduki ya kupuliza rangi. Kwake, kipuri kilichokuwa na mafuta hata ya kidole kilirudishwa. Kisha alinionyesha njia yake ya kutafuta ufa kwenye chuma. Unakiosha, unakilaza ndani ya mafuta ya taa, unakitoa, unakipangusa mpaka kikauke vizuri, halafu unakipaka vumbi la chaki. Unakwenda kunywa chai. Ukirudi, kama chuma kina ufa, mafuta yaliyojificha mle ndani yatakuwa yametoka, na utaona mstari kwenye ile chaki nyeupe. Chaki tuliiokota shule ya msingi ya jirani, vile vipande walimu wanavyotupa. Nimewahi kukataa vipuri vingi kwa ajili ya mstari mdogo wa mafuta ya taa, na wenye magari wamenitukana kwa Kikamba, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza cha televisheni.

Kazi zenyewe zilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Kuna ile rangi nyeusi ya makunyanzi inayopakwa kwenye kifuniko cha injini. Haikunjani bila joto sawasawa, na hatukuwa na tanuri. Mzee alikata drum la mafuta, akatoboa matundu, akaweka jiko la makaa chini na waya katikati. Upepo wa vilima vya Iveti ukishuka, upande mmoja ulikunjana na mwingine ukabaki laini, na kazi ilianza upya. Nilijifunza kulizungusha drum kama ninageuza chapati. Siku nilipotoa kifuniko kimekunjana sawa pande zote, Mzee alikishika, akakitazama, akaenda kukionyesha watu wa duka la vipuri bila kuniambia neno. Nilijua amefurahi. Mtu huyo sifa zake zilipitia kwa majirani.

Kulikuwa na wateja wa kila aina. Watu wa Syokimau walikuja Jumamosi na magari yao ya ofisini, wote wakitaka kalipa za breki zipakwe nyekundu, zile zinazobana diski ya gurudumu. Kijana mmoja nilimpakia, akarudi wiki iliyofuata analalamika kwamba gari bado halisimami haraka. Nikamuuliza kama alibadilisha padi za breki. Akaniuliza padi ni nini. Nilimpa kiti akae, nikamweleza taratibu, maana siku hiyo nilikuwa nimekula vizuri.

Halafu kifua cha Mzee kikaanza. Tulikuwa tunasafisha alumini kwa kuipulizia mchanga wa mto kwa upepo wa kompresa, mchanga tuliouchekecha kwa chekecheo la unga. Vumbi lake hulioni, na ndilo baya. Mzee alifunga leso puani, akaona inatosha. Alikohoa mwaka baada ya mwaka, akisema ni homa ya Julai hata tukiwa Januari. Alipokufa, wateja wakubwa walikuja mazishini na miwani myeusi wakasema alikuwa msanii. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumletea barakoa. Mimi nilisimama pale nimebeba sahani za watu nikasonya mpaka mchungaji akanisikia. Tangu siku hiyo mtu akipuliza mchanga mbele yangu bila barakoa, nafunga kompresa kwa mkono wangu, na mnajua mlivyoninung'unikia. Nung'unikeni tu.

Sasa nije kwa Nzau, maana ndiyo mnayoogopa niandike.

Nzau ililetwa kama bodi tupu juu ya lori la kokoto. Mwenyewe ni Muthiani, yule mwenye machimbo upande wa Lukenya. Aliipa jina la fahali kabla haijawa hata na usukani. Alitaka gari la kupanda vilima kwenye mashindano, na alitaka liwe zuri la kupigiwa picha, kwa sababu kuna wauza mafuta ya injini walimwahidi kuweka jina lao ubavuni. Sikuona ubaya. Uzuri ndio ulikuwa mkate wangu. Kwa miezi nilikuwa na vipuri vya Nzau mpaka ndotoni. Nilikwangua, nikaosha, nikapaka chaki. Mkono wa chuma unaoshika gurudumu la mbele, ule wa kushoto, niliukataa, ukatafutwa mwingine. Kifuniko cha injini nilikikunja kwenye drum la Mzee. Hata nati nilizipaka moja moja nimezining'iniza kwa waya kama nguo za mtoto.

Dereva alikuwa Mwende. Wengine mlimfahamu kabla yangu. Baba yake aliendesha lori kwa Muthiani mpaka mgongo ukakataa, na Mwende alijifunza gari kwenye barabara za machimbo, kwa pikapu isiyo na milango. Muthiani aliona anavyoteremka na kokoto bila kugusa breki akasema huyu ndiye dereva wangu. Alikuwa akija gereji kila akipata nafasi. Hakuja kutusimamia. Alikaa chini kwenye gunia akala muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na sisi kwenye sufuria moja, akauliza kila kipuri ni cha nini. Alijua majina yenu. Alijua nani mama yake anaumwa. Muli, mwanafunzi wangu wa rangi, bibi yako aliposhikwa na uchungu wa kuzaa mvua ikinyesha na hakuna gari lililokubali kuja, nani aliyemkimbiza hospitali na pikapu ya machimbo? Si mimi. Na si Musyoka.

Ndani ya Nzau kulikuwa na kizimba. Ni yale mabomba yanayozunguka viti, ili gari likibingirika bodi isimlalie dereva. Kililetewa fundi mzuri wa kuchomelea, na mishono yake niliikagua mwenyewe, ilikuwa minene na imeshika. Nikapaka rangi ya kwanza nyepesi, nikaacha mishono ionekane. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mabomba mawili yakikutana kwa pembe, kile kilima cha chuma kilichoyeyuka ndicho kinachoyashika. Ukikisaga na grinda kiwe laini umebakisha utando tu, na juu yake ukipaka filla ya kuziba mabonde na rangi ya kung'aa, jicho litasema hilo ni bomba moja. Gari likipinduka, halitauliza jicho.

Muthiani akaja na simu yake. Ametoa picha mahali, kizimba cha gari la ng'ambo, viungo laini kabisa. "Mama, nataka hivi."

Nikamwambia, "Hao hatujui waliunda vipi. Mimi huu mshono siusagi."

"Ni urembo tu, mama. Wale watu wa mafuta watapiga picha ndani."

"Wapige. Wataona mshono. Mshono si aibu."

Alicheka, akaniambia nimezeeka. Hakuwa mtu mbaya siku hiyo. Alikuwa mtu asiyejua, na nilimweleza mbele ya Musyoka, na Musyoka akatikisa kichwa ii, ii, kama anayekubali. Nikadhani yameisha.

Nilikuja huku Katangi kwa matanga ya shangazi yangu, yule wa viatu vya kanisani. Niliporudi, kizimba kilikuwa kinang'aa. Cheusi, laini, viungo vimepotea. Na niseme ukweli hata kama unaniuma: ilikuwa kazi safi. Nilipitisha kiganja nikiwa nimefunga macho, sikupata hata kikwazo. Muli alikuwa amesimama nyuma yangu akitabasamu, akingoja sifa, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kupaka filla.

"Muli, ulisaga kiasi gani?"

"Kidogo tu, mathe."

"Kidogo ni nini? Kuna chuma gani hapa chini?"

Tabasamu likaondoka. "Musyoka alisema kiwe flati. Nikafanya flati."

Nilikwenda kuchukua kikwangulio. Musyoka akasimama mlangoni mwa gari akanizuia. Sitaficha alivyosema, kwa sababu mlisikia. "Mama Mumo, ukigusa hiyo rangi leo, usirudi kesho. Mteja ameshaona picha. Ameshapenda."

"Na Mwende?"

"Mwende ataendesha polepole."

Dereva wa mashindano! Aendeshe polepole! Aiee. Nimesikia upuuzi mwingi katika gereji ile, kuna mtu aliwahi kuniambia kutu ni nzuri kwa sababu inaongeza uzito, lakini huo wa Musyoka uko peke yake. Nikamtafuta Mwende kwa simu, hakupatikana, alikuwa machimboni ambako mtandao hauingii. Nikafikiria chaki. Chaki inasoma chuma kilicho wazi, haisomi chini ya filla. Sikuwa na kitu cha kumwonyesha mtu. Nilikuwa na maneno yangu tu dhidi ya kitu kizuri kinachong'aa.

Asubuhi ya kukabidhi gari, Muthiani alikuja na mpiga picha na kreti za soda. Mwende alikuja amevaa ovaroli mpya, kofia ya ajali mkononi, akasalimia mmoja mmoja. Kwangu akainama kidogo, "Wakya, mwaitu?" Nikamwitikia. Nilijaribu kumvuta pembeni, Musyoka akaingia katikati na mkono begani mwake, akamwongoza mpaka kwenye gari, maneno mengi, kicheko kingi. Mwende akaingia, akafunga mikanda. Alitakiwa kuipeleka Nzau juu kwenye barabara ya vumbi aijaribu, kisha arudi tule.

Kiti cha pili kilikuwa tupu.

Sikupanga. Hasira ilipanga yenyewe. Nikasema kwa sauti ya kufika mpaka kwa mama wa chai, "Muli! Umefanya kazi safi. Panda na yeye."

Muli akasema, "Mimi? Hapana, mathe. Niko na kazi."

"Kazi gani? Gari limekwisha. Panda."

"Mgongo unanisumbua."

Nikamgeukia aliyekuwa karibu naye. Akasema hajanywa chai. Mwingine akasema hapendi mwendo. Mwingine akajifanya anatafuta spana, na spana ilikuwa mkononi mwake. Niliwapitia nyote mliokuwa pale. Mpiga picha alikuwa anacheka, anafikiri ni mzaha wetu wa gereji.

Muthiani naye akacheka. "Basi nitapanda mimi! Si ni gari yangu?" Akaweka soda chini, akafungua mlango.

Musyoka akamshika mkono wa koti. Hakumgusa tu, alimshika kwa nguvu, koti likavutika. "Hapana, mkubwa. Wewe kaa hapa. Picha kwanza. Wacha Mwende aende."

Mwende alikuwa ndani, kioo kiko chini. Aliuona ule mkono. Akaangalia uso wa Musyoka, kisha akainua macho akatazama bomba lililo juu ya kichwa chake, lile jeusi, zuri. Akafungua mikanda, mmoja mmoja, akatoka, akaweka kofia juu ya kifuniko changu cha injini, kile cha makunyanzi, maana boneti bado ilikuwa wazi kwa ajili ya picha. Nilidhani atanijia mimi, au atamrukia Musyoka. Alimwendea Muli. Akamuuliza kwa upole kabisa, kama mtu aliyekuja kusalimia, "Mtoto ameanza kutembea?"

Muli akaangalia viatu vyake. Ndipo Muthiani akaacha kucheka, akageuka kwangu na uso ambao sikuwa nimeuona kwake bado. "Mama, leta kikwangulio, tuone chini ya hiyo rangi."

Nilikwangua mwenyewe mbele yao. Kiungo cha nyuma ya kichwa cha dereva, filla ilipotoka, chuma kilichobaki kilikuwa chembamba kiasi kwamba nilisukuma ncha ya msumari ikaingia. Muthiani aliutazama ule msumari, akatema mate chini, akapakia Nzau kwenye lori lake siku ile ile. Kizimba kilitolewa chote, kikaundwa upya mahali pengine, mishono iko nje kila mtu aione, na watu wa mafuta wakapiga picha zao na hakuna aliyekufa kwa kuona mshono.

Mimi Musyoka alinipumzisha. Ndilo neno alilotumia. Mlininunulia keki yenye jina langu, mkakata, mkapiga makofi, mkasema nimejenga gereji. Nilikula, kwa sababu keki haikuwa na kosa. Na sasa mnataka niwaandikie mambo ya kazi. Haya ndiyo mambo ya kazi. Muli ana mikono mizuri kuliko yangu nilipokuwa umri wake, nasema hivyo nikiwa na hasira naye mpaka leo. Lakini Muli alisaga akiwa ameambiwa asage. Nyinyi wengine hamkuambiwa kitu. Mlishika taa akisaga. Mliona chuma kinavyoisha, maana nilichowafundisha miaka yote hiyo ni kuona, na mlipoulizwa nani atapanda, kila mmoja wenu alijua pa kutokaa.

Mwende hunipigia Jumapili baada ya kanisa. Anaendesha bado, na anaendesha vizuri. Musyoka hamtaji. Kuhusu Muli anasema amemwelewa, kijana ana bosi na ana mtoto. Anachoniuliza kila mara ni kuhusu nyinyi, mmoja mmoja kwa jina, mliokula naye kwenye sufuria moja. Anauliza kama mngemwacha aondoke na Nzau kweli. Mimi nimechoka kuulizwa badala yenu. Namba yake mnayo.